Fundi wa Lori na Hati Yake

Msomaji, ukitoka Nakuru kwenda Eldoret kwa barabara kuu, utapanda mlima mrefu usioonekana kuwa mlima. Hapana kilele cha kukuonya wala jabali la kukutisha. Ni misitu na mashamba tu, na barabara inayoinuka polepole mpaka Timboroa, mahali palipo juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni baridi, ukungu hushuka hata mchana, na malori yaliyotoka Mombasa na shehena za Uganda, Rwanda na Kongo hunguruma kwa gia ndogo kama mafahali wavutao jembe katika tope. Ukianza kuteremka kuelekea Eldoret, nchi ya Ainabkoi haiko mbali nawe.

Katika njia hii malori huharibika. Dereva hushuka, hufunua boneti, hutazama asichokijua, kisha hupiga simu. Baada ya muda mtu huja juu ya pikipiki, na mfuko wa spana mgongoni. Hana haraka. Husikiliza injini, hunusa moshi, hugusa mabomba kwa nyuma ya mkono, hulaza gunia chini na kuingia uvunguni. Jioni lori huondoka. Ukimwuliza mtu huyo alisoma wapi kazi hiyo, aghalabu atakutajia jina la mtu, wala si jina la chuo. Ukimwuliza hati yake, atacheka au atanyamaza.

Mimi ni mwalimu. Nilipewa hati yangu katika chuo cha ualimu kabla sijajua kufundisha, na mwaka wangu wa kwanza darasani ulinifunza hilo kwa aibu kubwa. Fundi wa barabarani yu kinyume changu: alijua kutengeneza kabla hajapewa hati, na wengi wa aina yake walizeeka wakafa bila kuipata. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Lina historia, na historia hiyo ndiyo nitakayo kukusimulia.

Kwanza yafaa ujue jinsi mzigo ulivyosafiri kabla ya injini. Nyanda za Uasin Gishu hazikuwa tupu. Wamasai waliopewa jina hilo walizilisha ng'ombe zao, na baadaye Wanandi na Wakeiyo, kabla ya serikali ya Kiingereza kuzigawa kwa walowezi. Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka melini Mombasa, wakapanda gari la moshi mpaka Nakuru, na kutoka hapo wakakwea nyanda hizi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Walifika mwezi wa Oktoba baada ya kupambana na mvua, misitu na matope. Gari lilipovunjika ekseli, waliokuwamo ndio waliokata mti na kuchonga nyingine. Mji wa Eldoret, uliopewa jina hilo mwaka 1912, ulikuwa ukiitwa Sitini na Nne kwa hesabu ya shamba ulimojengwa, na bado wako watu wauitao Sisibo. Husimuliwa kwamba sefu ya benki ya kwanza ilianguka kutoka katika gari la ng'ombe, ikawa nzito mno kuinuliwa, basi benki ikajengwa palepale ilipoanguka. Kama ni kweli tupu au ni kweli iliyotiwa chumvi, hadithi hiyo yaonyesha uzito wa mzigo katika nchi isiyo na mtambo.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikipita Timboroa, Ainabkoi na Kipkabus. Stesheni ya Ainabkoi ikawa mahali pa kupakia mazao. Lakini reli hukaa mahali pamoja, na shamba liko mahali pengine. Kati ya shamba na stesheni palihitajiwa kitu kinachoweza kwenda kila upande. Kitu hicho kilikuwa lori.

Hapa naomba unifuate kidogo nje ya Ainabkoi, maana bila kutazama vita huwezi kuelewa lori lilikuwa na maana gani kwa mtu wa nchi hii. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki lilibebewa vyakula na risasi zake vichwani mwa watu. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika vinywa vyetu: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la wapagazi hao lililolainishwa na Kiswahili. Watu hununua nyanya na vitenge huko bila kukumbuka. Vita vya pili vilipokuja, mwaka 1941, jeshi lililotoka Kenya lilipita Somalia likaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 2,500 katika wiki nane hivi. Safari hii mzigo mkubwa ulichukuliwa na malori. Kati ya vita vile na hivi ilipita miaka ishirini na mitatu tu, na katika muda huo mzigo ulishuka kichwani mwa mtu ukapanda juu ya chuma.

Lakini nani alikitengeneza chuma hicho?

Katika gereji za Kenya ya miaka ya 1920 na 1930 kazi ilipangwa kwa rangi kama vyombo vinavyopangwa rafuni. Juu alikaa Mzungu, mwenye mali au msimamizi. Katikati alikuwapo fundi wa Kihindi, hasa Singasinga, ambaye Waswahili walimwita Kalasinga. Chini alikuwa Mwafrika, aliyeosha vyuma kwa mafuta ya taa, akasukuma magari, akashika taa, na kumpa fundi spana aliyoitaka. Kijana huyo aliitwa spanaboi, na jina hilo halijafa. Wenzake waliosafiri na malori wakaitwa mataniboi.

Usidhani kwamba Kalasinga mwenyewe alikuwa na hati. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kujenga reli ya Mombasa mpaka ziwa Victoria kuanzia mwaka 1896, na mafundi miongoni mwao waliobaki, pamoja na wengine waliowafuata, waliwarithisha watoto wao kazi ya chuma kama mtu arithishavyo jina la ukoo. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kushinda mbio za magari za Safari katika miaka ya 1965, 1974 na 1976, alijifunza injini katika gereji ya baba yake. Tofauti yake na spanaboi haikuwa kwamba mmoja alisoma na mwingine hakusoma. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alifundishwa kwa makusudi na mwingine aliiba kwa macho.

Naam, aliiba kwa macho. Wako mafundi waliomtuma kijana dukani saa ileile ya kurekebisha pampu ya mafuta, ili arudi akute kazi imekwisha. Kijana mwerevu alijifunza kukimbia. Wengine walikuwa wema, wakamweleza kila kitu kwa Kiswahili cha gereji, na wema wao ndio uliopanda mbegu. Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya fundi wa Kiafrika, alifuatilia jinsi ujuzi ulivyovuka kutoka karakana za Wahindi na kuingia mikononi mwa Waafrika wa Kenya, na njia aliyoiona ni hiyohiyo ya kusimama karibu na kutazama.

Karatasi aliyokuwa nayo spanaboi ilikuwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kutumiwa baada ya vita vya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa kazi alipaswa kuwa nacho, na wengi walikining'iniza shingoni katika kijisanduku cha bati. Kipande kiliandikwa mwajiri, siku ya kuingia kazini, mshahara na siku ya kutoka. Kilimfaa askari wa kumkamata mtoro. Hakikumfaa fundi wa kuthibitisha ujuzi. Mtu aliweza kukaa miaka kumi katika gereji, akafungua injini na kuifunga usiku bila taa, na karatasi yake isiseme lolote juu ya jambo hilo. Kipande kiliondolewa mwaka 1947.

Je, serikali haikufikiri kumfundisha Mwafrika ufundi? Ilifikiri sana, na hapa hadithi yapinda. Mwaka 1909 Profesa Fraser alileta ripoti iliyoshauri kwamba elimu ya Waafrika iwe ya kazi za mikono. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki ikasifu mafundisho ya namna hiyo, na katika mwaka huohuo serikali ikaanzisha chuo cha ufundi Kabete, karibu na Nairobi. Sifa yake kubwa ilikuwa katika uashi na useremala, na majengo ya mawe waliyoyajenga vijana wake yangali yanasimama. Walakini wazazi wengi wa Kiafrika walitazama mpango huo kwa shaka. Waliona kwamba mtoto wa Mzungu alifundishwa vitabu ili atawale, na mtoto wao alifundishwa nyundo ili atumikie. Shaka yao ilikuwa na sababu. Lakini iliacha kovu: kazi ya mikono ikawa, machoni pa aliyesoma, kazi ya aliyeshindwa kusoma. Mimi husikia shaka hiyo kila mwaka wanafunzi wangu wanapochagua masomo, nao hawajui kwamba wanarudia maneno ya babu zao.

Vita vya pili ndivyo vilivyovunja ukuta. Wakenya karibu laki moja waliingia jeshini, na Afrika Mashariki nzima ikatoa zaidi ya laki tatu. Jeshi la malori haliwezi kusubiri mpaka watu wakubaliane kama Mwafrika ana akili ya mashine. Vijana waliotoka kuchunga ng'ombe walifundishwa udereva na utengenezaji kwa miezi, si kwa miaka, na wengine wakaandikwa katika kikosi cha wahandisi wa umeme na mitambo cha Afrika Mashariki. Walitengeneza malori katika mchanga wa Somalia, katika milima ya Uhabeshi, na katika matope ya Burma mwaka 1944, ambako magari yalizama mpaka sakafuni. Kazi iliyosemwa kwamba yangehitajiwa vizazi kadhaa kuijua, ilijulikana katika kiangazi kimoja.

Walirudi nyumbani na ujuzi huo. Nusu ya historia niisimuliayo imo katika lile lililowangoja. Mtu aliyeamini kwamba anajua kazi sasa aliomba kulipwa kama mtu ajuaye kazi, na mshahara wa nchi ulikuwa bado wapimwa kwa rangi ya ngozi. Katika utumishi wa serikali kanuni hiyo ilikaa mpaka Tume ya Lidbury iliposhauri mwaka 1954 iondolewe. Mashambani na katika gereji za watu binafsi hapakuwa na tume. Kwa upande mwingine, serikali iliona hatari ya kuwaacha askari wa zamani wakae bure, basi Kabete ikafungua milango kwao, na shule za ufundi zikaongezeka: Thika mwaka 1949, Sigalagala karibu na Kakamega mapema katika miaka ya 1950, na mjini Mombasa chuo cha Waislamu kilichopokea wanafunzi wa ufundi tangu mwaka 1951. Tanganyika ilikuwa na Ifunda mwaka 1951 na Moshi mwaka 1957. Kampala ilipata chuo chake mwaka 1954. Kwa mara ya kwanza kijana aliweza kuwa na hati ya serikali isemayo kwamba ajua injini.

Hata hivyo shule hizo zilikuwa chache, na malori yalikuwa yakiongezeka kila mwaka. Kwa hiyo, msomaji, tangu siku hizo kumekuwa na njia mbili za kuingia katika kazi moja. Moja hupita mlango wa mbele na nyingine hupita uvunguni.

Sasa tutazame ni kitu gani hasa ajifunzacho mtu katika injini ya lori, maana wako wadhanio kwamba ufundi ni nguvu za mikono.

Malori makubwa hutumia dizeli, na jina hilo ni la mtu. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alipata hataza ya wazo lake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ilifanya kazi vizuri mjini Augsburg. Yeye mwenyewe alipotea baharini usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akiwa melini kuvuka kwenda Uingereza. Malori ya kwanza ya dizeli yalitokea Ujerumani mwaka 1924, mwaka uleule reli ilipofika Eldoret. Wazo lake ni rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche. Injini ya dizeli haina cheche: pistoni huibana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja kati ya kumi na sita hadi ishirini ya nafasi yake, na hewa iliyobanwa hivyo hupata moto wa zaidi ya digrii 500. Mafuta yakinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Kwa hiyo kila kitu chategemea hewa. Ikivuja kidogo, hapana joto. Pasipo joto, hapana moto.

Hapa ndipo Ainabkoi ilipo na somo lake la pekee. Kule juu hewa ni nyepesi. Timboroa kanieneo yake imepungua kwa karibu robo kuliko ya Mombasa. Injini ivutayo pumzi kwa nguvu zake yenyewe hupata robo pungufu ya hewa katika kila mvuto, lakini pampu, kama haikurekebishwa, hutia mafuta yaleyale ya pwani. Mafuta yasiyopata hewa hayawaki yote. Hutoka yakiwa moshi mweusi, na lori hukosa nguvu mahali palepale lizihitajipo zaidi. Mswisi Alfred Büchi alikuwa amepata hataza mwaka 1905 ya chombo kinachozungushwa na moshi utokao ili kisukume hewa zaidi ndani, na chombo hicho, ambacho mafundi hukiita tabo, ndicho kilichoyapandisha malori ya leo. Likipasuka bomba lake dogo la mpira, lori la kisasa hurudi kuwa mzee wa miaka ya 1950.

Tena kuna maji. Mama yeyote wa Ainabkoi ajua kwamba maharagwe hukawia kuiva kwake kuliko kwa dada yake aliyeolewa Mombasa, kwa kuwa maji huchemka katika digrii 91 au 92 hivi badala ya 100. Rejeta ya lori huzibwa kwa kifuniko chenye springi ili maji yabanwe na yasichemke mapema. Kifuniko hicho kikilegea, pwani dereva hataona kitu. Timboroa maji yatachemka, hedi ya injini itajikunja kwa joto, gasketi itaungua, na kazi ya shilingi chache itakuwa kazi ya makumi ya maelfu. Kijana afundishwaye nyanda za juu huonyeshwa kifuniko kwanza.

Kwa mpango wa zamani wa gereji, mwanafunzi huanza kwa kuosha. Huosha vyuma miezi mingi, na bila kujua hufunzwa sura ya kila kimoja. Kisha hujifunza hesabu za spana: kumi, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, mpaka aweze kuitazama nati kwa mbali na kuleta spana yake bila kuulizwa. Kisha kusoma moshi: mweusi ni mafuta mengi au hewa chache, wa buluu ni oili inayoungua, mweupe ni mafuta yasiyowaka au maji yaliyoingia yasipotakiwa. Kisha kutoa upepo katika mabomba ya dizeli iliyokwisha njiani. Mwisho kabisa, baada ya miaka miwili au mitatu, hukabidhiwa hedi aifunge, na hapo mwalimu wake husimama nyuma yake. Nati za hedi hazikazwi kwa kufuatana kama vifungo vya shati. Huanzwa katikati na kwendwa nje, kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, ili chuma kilale sawa. Anayeanza pembeni huipinda hedi.

Kijana wa chuoni hujifunza hayo hayo kwa mpango mwingine. Yeye huambiwa kwa nini kabla ya kuambiwa vipi. Aweza kuchora mizunguko minne ya pistoni ubaoni, aweza kusoma kitabu cha kiwanda na kujua nati ikazwe kwa nguvu gani, tena kwa kipimo. Faida hiyo si ndogo. Nimeona fundi hodari sana akikata nati kwa sababu aliikaza kwa kisio la mkono aliozoea kwa injini nyingine.

Serikali za baada ya uhuru zilijaribu kuzikutanisha njia hizi. Sheria ya mafunzo ya viwandani, iliyotungwa mwaka 1959 na kuongezwa nguvu mwaka 1971, ilipanga mikataba ya wanagenzi na kuwatoza waajiri ada ya kuwafundisha. Majaribio ya ufundi yaligawanywa katika daraja tatu, ya tatu ikiwa ya kuanzia na ya kwanza ikiwa ya juu. Hili lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu jaribio halikuuliza ulisoma wapi. Spanaboi aliyelipa ada aliweza kusimama mbele ya mtahini, akapewa injini, akaambiwa afanye. Kwa upande wa magari yenyewe, kampuni ya Leyland Kenya iliundwa mwaka 1974 na kiwanda chake kikajengwa Thika, na General Motors ikaja Nairobi mwaka 1975. Malori yakaanza kuunganishwa hapa nchini, na vipuri vyake vikafahamika mpaka vijijini.

Bado walio wengi walibaki nje. Mwaka 1972 shirika la kazi la ulimwengu lilitoa ripoti mashuhuri juu ya Kenya, ikisema kwamba watu wafanyao kazi ndogondogo bila leseni si wavivu wala si mzigo, bali ni wenye kuzalisha. Nchi iliwapa jina lake yenyewe, jua kali, kwa kuwa walifanya kazi bila paa. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji mjini Nairobi akaagiza wajengewe vibanda. Mabanda ya jua kali yakaenea, Eldoret ikiwa na yake. Nao vijana wa Uasin Gishu walipata chuo chao cha ufundi mjini Eldoret, ambacho leo ni politekniki ya taifa. Mwaka 2013 sheria mpya ya vyuo vya ufundi ilipitishwa, na baadaye ukaja utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, ili mzee wa uvunguni apimwe kwa ajuavyo na apewe hati.

Waweza kuuliza, hati ya nini kwa mtu ambaye barabara nzima yamjua? Jibu ni kwamba barabara haitoi mkopo wa benki, wala haiwezi kumwandikia barua kampuni kubwa ya malori ikitafuta msimamizi. Fundi asiye na hati hulipwa kwa kazi iliyokwisha leo. Akivunjika mkono, ujuzi wake haumfai kitu. Aliye na hati lakini hana mkono naye ana taabu yake, maana dereva aliyekwama mlimani na ndizi za watu hataki kusomewa cheti.

Mwaka juzi, katika msimu wa mvua, nilikuwa katika matatu iliyosimama karibu na njia ielekeayo Ainabkoi, nikashuka kunyosha miguu. Lori la shehena lilikuwa limekwama kando ya barabara. Mzee mmoja alikuwa uvunguni, na kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa amekaa juu ya tairi na kifaa kidogo mkononi, kilichounganishwa kwa waya na injini. Kwa maana injini za sasa zina ubongo wao, nao hutoa habari kwa tarakimu. Kijana huyo, kama alivyoniambia baadaye, alimaliza chuo na kukaa nyumbani mwaka mzima bila kazi kabla mzee hajamchukua.

"Mzee," akasema, "inasema upepo unaoingia ni mchache. Tabo haisukumi."

"Inasema ni wapi?"

"Haisemi wapi."

Mzee akatoka uvunguni, akapangusa mikono kwa kitambaa, akamwambia dereva akanyage mafuta. Akainamisha kichwa. Kisha akapitisha kiganja polepole kando ya bomba la mpira, kama mtu apapasaye ukuta gizani, na nyuma ya mkunjo wa pili akasimama. Akaushika mkono wa kijana na kuuweka mahali pale. Kijana akatabasamu. Ufa ulikuwa mdogo kuliko ukucha.

Walilifunga kwa kipande cha mpira na klipu mbili, na kijana akafuta tarakimu katika kifaa chake ili injini iache kulalamika. Dereva alimlipa mzee, na mzee akahesabu, akampa kijana sehemu yake papo hapo barabarani. Saa kumi na mbili kasoro dakika chache lori liliingia njiani kuelekea Malaba, na moshi wake haukuwa mweusi.